Kabla hujazalisha majitu: kwa mnaoanza kuandika fantasia ya giza

Wadogo zangu wa Isevya, miswada yenu nimeisoma yote. Mtemi mchawi anachagua wanaume wenye nguvu, anawaoza kwa wanawake wenye nguvu, na kufikia sura ya pili kuna jeshi linalong'oa mibuyu. Nawapenda, lakini hapana.

1. Hesabu vizazi. Mwanasayansi Dmitry Belyaev alianza kuchagua mbweha wapole ili wazaliane huko Siberia mwaka 1959, na baada ya vizazi vichache walikuwa wakitikisa mikia wakiona watu. Ila mbweha huzaa akiwa na mwaka mmoja. Kizazi cha binadamu ni kama miaka 25, kwa hiyo vizazi kumi ni miaka 250. Mtemi wako keshazikwa, na kitukuu chake pia. Daftari la nani azae na nani analishika nani? Huyo ndiye mhusika wako, na kwenye mswada hayumo.

2. Watoto wa majitu kwa kawaida hurudi kidogo kuelekea kimo cha watu wengine. Mtafiti Mwingereza Francis Galton alilionyesha hilo kwa watu warefu mwaka 1886. Friedrich Wilhelm I, mfalme wa Prussia, dola ya Kijerumani, alikusanya kikosi cha askari warefu, na inasemekana alipenda kuwaoza wanawake warefu. Alipofariki mwaka 1740, mwanawe akakivunja. Mipango ya namna hii haihitaji shujaa mwenye upanga; anatosha mrithi anayekagua matumizi.

3. Mwili hudai. Hapa naomba mnivumilie.

Mswada wangu wa kwanza ulikuwa na ukoo wa wapiganaji wanaozaliwa na misuli maradufu. Niliusoma mbele ya watu kwa sauti ya mtangazaji wa redio, nikisimama kila baada ya aya ili wapate kushangaa. Nyuma alikaa mama mmoja, mkunga mstaafu. Akanyoosha mkono. "Mwanangu, hao watoto walitokaje?" Nikamwambia, kwa uchawi wa mtemi, mama. "Sijauliza waliingiaje. Nauliza walitokaje."

Watu wakacheka hadi mwenye ukumbi akaja kuchungulia. Nikajitetea kwamba wanawake wa ukoo ule nao walikuwa wakubwa. Akauliza, wa kwanza je, kabla ukoo haujawa mkubwa? Nikasema kulikuwa na dawa. Akauliza dawa gani, maana kazi hiyo ameifanya na angependa kuijua. Kisha akauliza wangapi walifia uzazini, na mmoja wao aliitwa nani. Nikapekua karatasi kama mtu anayetafuta jibu. Kulikuwa na kurasa na kurasa za mapanga na hakuna mwanamke hata mmoja mwenye jina. Usiku ule nilimchukia. Mkunga aliyemo kwenye riwaya yangu sasa ni yeye.

Baadaye nikasoma habari za Belgian Blue, ng'ombe wa Ubelgiji ambao jeni yao ya kuzuia misuli isizidi ina kasoro, kwa hiyo misuli yao hukua kupita kiasi. Ndama wao wengi hutolewa kwa upasuaji. Kasri langu halikuwa na daktari wa upasuaji. Na kuku wa nyama mnawajua: wananenepa upesi, miguu inalegea, moyo unasimama.

4. Msipandishe ndugu kwa ndugu bila gharama. Mfalme Charles II wa Hispania, wa ukoo uliooana wajomba kwa wapwa, alifariki mwaka 1700 bila mtoto.

5. Waliokataliwa. Ukichagua mmoja katika kumi, tisa wako wapi? Wameuawa, wamehasiwa, wanalima chakula cha yule mmoja? Giza la hadithi yako liko hapo, nanyi mnalitafuta kwenye mapembe na macho mekundu.

Tena msisahau jirani. Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, hakusubiri vizazi. Alikusanya ruga-ruga, yaani wapiganaji wake, miongoni mwa vijana, mateka na watoro, akawapa bunduki, na njia za misafara zikamtambua. Wakati mtemi wako analea jitu moja kwa miaka ishirini, mwenzake ameshateka visima.

Wewe wa sura ya mibuyu, ilete tena Jumamosi. Nataka kujua jeshi lako linakula nini mwezi wa Januari, mahindi yakiwa bado shambani, na nani anapika.