Re: Naweza kuanza msingi huku kibali cha ujenzi bado?

Mkuu usianze. Najua tofali zipo saiti na fundi anakusumbua kila siku, ila mimi nilichimba msingi kabla ya kibali nikarudi jioni nikakuta X nyekundu na maneno SIMAMISHA UJENZI kwenye tofali zangu mwenyewe, rangi bado mbichi, nikaishia kulipa faini.

Huku miji midogo watu wanadhani kibali ni mambo ya Dar tu, kumbe halmashauri ya mji nayo inadai. Kwanza hakikisha kiwanja kimepimwa na una hati au ofa (barua ya kumilikishwa kiwanja), kama ni cha kuandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa hapo ndo shughuli ilipo, anzia kwa afisa ardhi. Ramani ichorwe na mtu anayetambulika, sio ya kudownload, na ioneshe nyumba inakaaje kwenye kiwanja, choo na shimo la maji taka lipo wapi, umbali toka mpakani, maana wengi wanarudishwa hapo hapo. Siku hizi maombi mengi yanapita TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri, malipo ni kwa control number (namba ya malipo ya serikali), so anayekudai cash mkononi achana nae. Ghorofa ongeza michoro ya nondo.