Boris: uzito wao hauko kwenye kasi

Mkuu, umeuliza kwa nini Boris, bendi ya roki ya Tokyo, wanasifiwa kwa uzito wakati ukiwacheza kwenye simu unasikia mikwaruzo tu, tena ya polepole. Nimewasikiliza miaka mingi na gitaa napiga, ngoja nikujibu.

Kwanza achana na spika ya simu. Uzi mnene wa gitaa la kawaida hutetemeka mara 82 kwa sekunde, na hawa jamaa wanalegeza nyuzi chini mno. Mimi nililegeza wangu hadi noti ya A, mitetemo 55. Wimbi la sauti hiyo hewani lina urefu wa mita 6 hivi! Kispika cha simu hakina uwezo wa kusukuma hewa kiasi hicho, kwa hiyo besi yote inapotea na wewe unabaki na mikwaruzo ya juu.

Halafu kuna muda. Jina lao wamelitoa kwenye wimbo wa Melvins, Wamarekani wanaojua kupiga taratibu na kwa uzito, na Absolutego, albamu ya Boris ya 1996, ni wimbo mmoja unaozidi saa nzima. Wata, mpiga gitaa wao, anapiga uzi, kisha anauacha. Mlio wa amplifaya unautikisa uzi uleule, uzi unaurudisha kwenye amplifaya, na noti haifi. Mafundi mitambo wengi wanaukimbia mlio huo. Kwake ni ala kamili. Nilipojaribu nyumbani niligundua kwamba ukisogea hatua moja tu noti nyingine inaibuka, kwa hiyo hata pa kusimama ni sehemu ya upigaji. Takeshi anashika gitaa la shingo mbili, moja ya besi, na Atsuo kwenye ngoma anachelewesha pigo mpaka mwili wako wenyewe unalidai. Hapo ndipo uzito ulipo.

Nyimbo za mbio wanazo pia. Pink ya 2005 imejaa, na ni albamu nzuri ya kuanzia, maana inafunguka kwa upole kabla ya kukimbia. Ukitoka hapo nenda Flood ya 2000: dakika 70, sehemu nne, usikatize. Mimi naipenda kuliko zote. Sauti iwe kubwa, ila masikio yakianza kuvuma, punguza.

Ukishazoea, tafuta Dronevil ya 2005. Ni diski mbili zilizotengenezwa zichezwe kwa pamoja, kila moja kwenye mashine yake, kwa hiyo azima redio ya pili.