Miaka 65 kwa rubani: mimi naunga mkono iongezwe

Mkuu, umeuliza kwa nini rubani mwenye afya njema aachishwe kurusha ndege akifika 65. Huo ni ukomo wa ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, kwa safari za kimataifa zenye marubani wawili; kabla ya Novemba 2006 ulikuwa 60. Marekani, Baraza la Wawakilishi lilipitisha 67 mwaka 2023, lakini sheria ya 2024 ikabaki na 65.

Mimi nasema iwe 67, ila vipimo vya afya vikazwe. Tayari wakivuka 60 hupimwa kila miezi sita. (Vijana wanaosubiri ajira nawaonea huruma, kweli.)

Juzi uwanjani hapa Kigoma nilimwona rubani mwenye mvi akiizunguka ndege polepole, akapapasa tairi kwa kiganja, akarudi kuinama tena palepale. Nilipanda nikiwa na amani.