Kuku wa mayai wananyonyoka manyoya: niwauze au nisubiri?

Suala: Nina kuku wa mayai 60 hapa Wete, wana miezi 17. Wiki tatu hizi wananyonyoka manyoya na mayai yameshuka kutoka 45 kwa siku hadi 12. Hawaharishi wala hawakoromi. Niwauze wote?

Jibu: Usiwauze wote, chagua. Kuku aliyetaga takriban mwaka mzima hubadili manyoya, na unyoya ni protini kwa kiasi cha asilimia 85. Mwili haumudu kuotesha manyoya na kutengeneza mayai kwa pamoja, basi homoni za uzazi hushuka, ovari na mrija wa mayai husinyaa, undu (kile chekundu cha kichwani) hupauka. Akirudi kutaga, ganda huwa gumu kuliko la miezi ya mwisho kabla ya kunyonyoka, ingawa idadi haifiki ya mwaka wa kwanza.

Kwanza hakikisha ni hilo. Pekua manyoya: ukiona vijiti vya manyoya mapya vinachomoza, ndivyo. Ngozi tupu yenye majeraha ni kudonoana. Utitiri mwekundu, vidudu vinavyonyonya damu, nao utafute usiku, kwa tochi, kwenye nyufa za vichanja.

Sasa fungua bawa, maana hapo ndipo penye jibu lako. Kuna manyoya makubwa 10 kwenye ncha, na kila moja huchukua wiki 6 hivi kukua. Kuku mzuri huangusha matatu au manne kwa mpigo, akamaliza mapema. Mvivu huangusha moja moja, kila baada ya wiki mbili. Huyo anaweza kufika wiki 24 akila bure. Mvivu muuze, na yule mzuri mweke.

Hesabu ya chakula: kuku mmoja gramu 100 kwa siku, kwa wiki 10 ni kilo 7. Ukiwaweka wote 60 ni kilo 420, magunia manane ya kilo 50 na ziada. Kifaranga wa kushika nafasi yake naye hula kilo 6 hadi 7 kabla ya yai la kwanza, na hapo hujahesabu bei yake na chanjo.

Wanaobaki waongezee protini. Kilo 19 za chakula cha mayai chenye protini asilimia 16, changanya na kilo 1 ya dagaa waliosagwa. Utafika karibu asilimia 18. Dagaa wetu wengi huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Hao usiwatumie: kuku watakunywa maji kupita kiasi, wataharisha, na chumvi ikizidi watakufa. Tafuta walioanikwa bila chumvi. Makombe ya pwani yaliyopondwa weka chombo chake, anayetaga atajilia.

Tafuta pia kilichowaanzisha wote kwa pamoja. Kwenu Pemba urefu wa mchana haubadiliki hata saa moja kwa mwaka mzima, kwa hivyo msimu si sababu kubwa. Mara nyingi ni maji kukatika (60 wanahitaji lita 15 hadi 18 kwa siku, joto likizidi zaidi), chakula kubadilishwa ghafla, au taa ya banda kuzimika siku kadhaa. Kuwanyima chakula ili wanyonyoke haraka, kama wengine wanavyoshauri, ni ukatili na huua.

Vijiti vipya vina damu ndani na vinauma. Usiwashikeshike, na dawa ya minyoo isubiri. Kama una jogoo naye ananyonyoka, mayai ya kutotolesha usikusanye sasa, mbegu yake imepungua nguvu.