Eti tusubiri uchaguzi upite ndo tuambiwe habari za mtaro?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Mi nina genge huku Mbagala, mbele yangu walichimba mtaro kabla ya masika wakauacha hivohivo, mvua ikinyesha maji yanaingia mpaka kwenye vitunguu. Sa hivi kampeni zimeanza, kila mgombea akija anasema mtaro ni wake. Nikaenda ofisi moja kuuliza umegharimu shilingi ngapi na mkandarasi kaenda wapi, nikajibiwa "mama hayo ya siasa, subiri uchaguzi upite". Kweli sheria iko hivo?
Mama wa genge, Mbagala

JIBU: Pole sana mama, na hapana, haiko hivo. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 18, inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu mambo muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Wakati wote, hawajaandika isipokuwa kampeni, na mi naona wakati wa kampeni ndo tunazihitaji zaidi taarifa hizo, maana utampimaje anayesema mtaro ni wake kama hujui hela imetoka wapi na mkataba ulisainiwa lini?

Sasa usirudi kuuliza kwa mdomo. Angalia kibao cha mradi pale saiti, mwenye mradi kaandikwa, andika barua kwake ukitumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, kama kuandika kunakupa shida nenda useme na afisa anatakiwa akuandikie, ila ukitoka hapo uwe na nakala imegongwa muhuri na tarehe kwa sababu wana siku 30 za kukujibu. Kampeni ni fupi mama, peleka wiki hii hii.

Wakikataa unaomba mkuu wa taasisi apitie upya, akigoma naye unakata rufaa kwa waziri. Kuna vitu wanaruhusiwa kuficha kama usalama wa taifa au upelelezi unaoendelea, lakini gharama ya mtaro sioni inaingiaje humo.

Na ukishapewa, ukitaka kuirusha kwenye grupu la mtaa irushe kama ilivyo, usiongeze wala kupunguza, sheria hiyohiyo ina adhabu kwa anayepotosha taarifa aliyopewa.