Bastola ya Kale na Historia ya Kubandikwa

Maswali ya wasomaji

SWALI: Mzee, pokea salamu kutoka Kisumu. Mimi ni fundi cherehani katika soko la Kibuye. Kaka yangu anaishi Texas, Marekani, ambako sheria inamruhusu kukusanya bastola za vita vya zamani. Muuzaji mmoja amemwonyesha bastola ya Kijerumani aina ya Luger, akidai kwamba iliokotwa katika mapigano ya Kisii mwaka wa 1914. Juu ya chemba, yaani sehemu ambamo risasi hukaa kabla ya kufyatuliwa, imegongwa 1917, nambari zote zinalingana, na chuma chake kinang'aa kama kimetoka kiwandani jana. Bei yake ni mara tatu ya bei ya Luger nyingine zilizo katika duka hilohilo. Kaka anataka tuchange pesa, kwa sababu historia hiyo ni ya kwetu. Je, ni kweli kwamba wauzaji huzibadilisha bastola hizi ili zipande bei, na mnunuzi atajuaje?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Ndugu yangu, barua yako yenyewe imebeba sehemu ya jibu. Mapigano ya Kisii yalitokea tarehe 12 Septemba 1914, wakati kikosi cha Wajerumani kilichovuka mpaka kutoka upande wa Tanzania ya leo kilipokabiliana na askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza katika Afrika Mashariki. Luger za jeshi za wakati huo ziligongwa juu ya chemba mwaka wa kutengenezwa. Bastola ya 1917 haikuweza kuokotwa Kisii miaka mitatu kabla ya kuundwa. Muuzaji ama hajui anachokiuza, ama anajua na anatumaini kwamba ninyi hamjui. Kwa vyovyote vile, msitoe hata shilingi moja kwa ajili ya hadithi hiyo.

Ni kweli kwamba wapo wauzaji wanaozibadilisha bastola za kale, nao hawabadilishi ovyo. Mkusanyaji hulipa zaidi kwa mambo machache yanayojulikana: vipande vyote viwe vimetoka kiwandani pamoja, rangi ya chuma iwe ileile ya mwanzo, aina yenyewe iwe adimu, na iwe imepita mikononi mwa mtu au kikosi chenye jina. Kila jambo kati ya haya lina mtu aliyejifunza kuliigiza.

Tuanze na nambari, kwa kuwa hapo ndipo Luger inapopandia bei. Kiwanda kiligonga nambari kamili kwenye fremu na mtutu, kisha tarakimu mbili za mwisho zikagongwa kwenye vipande vidogo, kimoja baada ya kingine. Hata kitako cha mbao cha magazini, yaani kisanduku cha risasi, kilipewa nambari ya bastola yake, na magazini ya pili ikatiwa alama ya msalaba mdogo. Katika miaka zaidi ya mia moja vipande huvunjika na kubadilishwa, kwa hiyo bastola ambayo kila kitu chake kinalingana ni chache na ni ghali. Muuzaji asiye mwaminifu hukisugua kipande kigeni mpaka nambari ya zamani ifutike, kisha hugonga nambari anayoitaka. Kazi hiyo huacha ushahidi. Mahali palipopigwa tupa huwa na bonde dogo ambalo kidole hulihisi kabla jicho halijaliona. Maumbo ya tarakimu hayafanani na ya kiwanda. Na kingo za nambari mpya huwa kali ilhali chuma kinachozizunguka kimechakaa kwa kushikwa miaka mingi. Kaka yako aombe bastola ifunguliwe na atazame kila nambari kwa kioo cha kukuzia, chini ya mwanga unaotoka ubavuni. Muuzaji akikataa kuifungua, biashara iishie hapo.

Baada ya nambari aitazame rangi. Luger za Vita vya Kwanza zilipakwa rangi nyeusi yenye ubuluu kwa kukiacha chuma kishike kutu polepole, kuisugua kutu hiyo na kurudia tena na tena. Vipande kadhaa vidogo, kama vile kifyatulio na kitufe cha kuachilia magazini, havikupakwa rangi hiyo bali vilitiwa moto hadi vikawa na rangi ya nyasi kavu. Sehemu ya ndani ya fremu ilibaki chuma cheupe. Anayetaka kuifanya bastola iliyochakaa ionekane mpya huitumbukiza katika dawa ya moto, na dawa haichagui: huingia hadi ndani ya fremu na kuifanya nyeusi. Tena, kabla ya kupaka rangi sharti aisugue, na msasa hula pembe zikawa za mviringo, hutanua midomo ya matundu, na hufanya chapa za wakaguzi wa jeshi zififie. Ukiona vishimo vya kutu vilivyolala chini ya rangi nzuri inayong'aa, jua kwamba kutu ilitangulia na rangi ikafuata.

Jambo hili linanigusa kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kulifanya. Nikiwa fundi kijana wa silaha jeshini, nilipewa rivolva ya kale ya Webley, bastola ya Kiingereza yenye silinda inayozunguka, niisafishe ili iwekwe katika kabati la kioo. Nilifanya kazi kwa bidii siku mbili nzima, kwa msasa na dawa, nikaikabidhi iking'aa. Mgeni mmoja aliyezijua silaha hizo aliishika akakaa kimya muda mrefu, kisha akanionyesha mahali ambapo ule mshale mpana, alama ya mali ya jeshi la Uingereza, ulikuwa umebaki nusu. Nusu nyingine niliifuta mimi. Sikuwa na nia ya kumdanganya mtu, lakini chuma kilichoondoka hakirudi, na bastola iliyosuguliwa na mwongo haina tofauti na iliyosuguliwa na mjinga.

Aina adimu nazo huundwa kwa kuunganisha. Luger ya kawaida ya jeshi la nchi kavu ina mtutu wa milimita 100, ya wanamaji 150, na ya mizinga 200 yenye kilengeo kilichoandikwa umbali hadi mita 800. Mtutu ukibadilishwa, bastola ya kawaida hugeuka adimu kwa kazi ya mchana mmoja. Bastola ya Kijerumani ya Mauser C96 nayo ina mkasa wake. Mwaka wa 1916 jeshi la Prussia, dola kubwa ndani ya Ujerumani ya wakati huo, liliagiza bastola 150,000 za aina hiyo zinazotumia risasi ya milimita 9, na ili askari wasichanganye risasi, tarakimu ya 9 ilichongwa kwenye mbao za kishikio na kutiwa rangi nyekundu. C96 za kawaida zilitumia risasi ya milimita 7.63. Kuchonga 9 kwenye mbao hakuhitaji ufundi mkubwa, na wengi wamefanya hivyo. Lakini mtutu ukipimwa, kipenyo chake husema ukweli hata mbao zikisema nini.

Na wewe fundi cherehani utashangaa kusikia hili. Kampuni ya Singer, ileile iliyotengeneza mashine tunazozijua majumbani mwetu, ilitengeneza bastola 500 tu aina ya M1911A1 kwa jeshi la Marekani mwaka wa 1941, zenye nambari kuanzia S800001 hadi S800500. Kwa sababu ya uchache huo, Singer moja halisi ni ghali mno, na kwa sababu hiyohiyo watu huchukua M1911A1 ya kiwanda kingine, hufuta maandishi yake na kugonga ya Singer. Kaka yako akionyeshwa moja, asiiguse kabla ya mtaalamu asiye na uhusiano wowote na muuzaji kuikagua.

Mwambie pia kwamba sheria ya Marekani ya 1968 huhesabu kuwa ya kale silaha iliyotengenezwa mwaka wa 1898 au kabla yake. Luger ya 1917 haimo katika kundi hilo, na kufuta au kubadilisha nambari ya mfululizo ya bastola ya namna hiyo ni kosa la jinai. Asiilete nyumbani kama zawadi, kwa maana hapa Kenya itahesabiwa kuwa silaha kama silaha nyingine yoyote.

SWALI: Mzee, nimesikia kwamba bastola iliyofanyiwa marekebisho hushuka thamani, lakini pia kwamba zipo zilizorekebishwa na bado zinatafutwa sana. Je, hapo hakuna mgongano?
Mwalimu, Nakuru

JIBU: Mwalimu, tofauti iko kwa aliyerekebisha na sababu yake. Rivolva ya Colt iliyoanza kutumiwa na jeshi la Marekani mwaka wa 1873 ilikuwa na mtutu wa inchi saba na nusu, na ilipewa askari wapanda farasi. Kuanzia mwaka wa 1895 jeshi lilizikusanya nyingi, zikafunguliwa kwa mafungu, mitutu ikafupishwa hadi inchi tano na nusu, na nyingi zikaunganishwa upya bila kujali kipande kipi kilitoka bastola ipi. Nambari zake kwa hiyo mara nyingi hazilingani, na hilo si kasoro. Marekebisho hayo ni sehemu ya utumishi wa silaha, kama kiraka kilichoshonwa na fundi wa kikosi kwenye koti la askari. Akija mfanyabiashara akaitia bastola hiyo mtutu mrefu ili aiuze kama ya wapanda farasi wa mwanzo, ameharibu kitu halisi ili atengeneze kitu cha uongo. Bastola ya namna hiyo iliyofupishwa na yenye nambari zinazolingana zote inahitaji kukaguliwa kwa makini zaidi, wala si haraka ya kushangilia.

Yapo pia mageuzi yaliyofanywa na wafanyabiashara bila nia ya kudanganya wakusanyaji, ambayo ni ya hatari. Rivolva nyingi za Webley za kaliba ya .455 zilizopelekwa Marekani baada ya vita zilipunguzwa nyuma ya silinda ili zipokee risasi ya Kimarekani ya .45, iliyokuwa rahisi kupatikana. Risasi hiyo husukuma kwa nguvu kuliko ile ambayo Webley iliundiwa. Silinda iliyopunguzwa hushusha bei, na anayeifyatua anauweka mkono wake rehani.

SWALI: Shikamoo Mzee. Babu yetu alihudumu katika King's African Rifles. Baada ya matanga tumekuta rivolva ya Webley ndani ya sanduku lake, imeshika kutu. Jirani anasema tuipige msasa, tuitie rangi, kisha amtafute mnunuzi mjini.
Msomaji, Kakamega

JIBU: Marahaba, binti yangu, na poleni kwa msiba. Msiisugue, msiitie mafuta, msijaribu kuifungua, na huyo jirani asiondoke nayo. Katika sheria ya silaha ya Kenya hakuna anayeruhusiwa kuwa na bastola bila cheti, na kumuuzia mtu kungewaingiza nyote wawili katika kosa. Msiibebe barabarani wala kwenye matatu. Iacheni mahali mlipoikuta, fungeni chumba, watoto wasiingie. Mwoneni wakili, au mzee mmoja wa familia aende pamoja na chifu hadi kituo cha polisi aeleze namna ilivyopatikana, ili maafisa waje wenyewe kuichukua, nanyi mwombe maandishi ya kuthibitisha kwamba mmeikabidhi. Karatasi za utumishi za babu, picha zake na nishani zake ni zenu. Ziwekeni pamoja mahali pakavu, na nishani nazo msizing'arishe.