Transformers inahitaji watoto, si sisi tu
Ndugu, umeuliza kama Transformers, chapa ya midoli ya roboti wanaogeuka magari na vitu vingine, itakufa sisi tulioanza nayo 1984 tukiacha kununua. Hofu yangu ni hiyohiyo. Hasbro, kampuni yenye chapa hii, wanaturudishia kiongozi wa roboti wema yuleyule, Optimus Prime, anayegeuka lori jekundu, kila toleo na viungo vingi zaidi. Mtoto wa miaka sita anachoka kumgeuza kabla magurudumu hayajakaa mahali pake. Lakini kumbuka 1996, chapa ikiwa hoi: walithubutu kuleta Beast Wars, toleo la roboti wanaogeuka wanyama, kiongozi akawa sokwe, Optimus Primal, na adui wake, Megatron mpya, akawa dinosaria. Wakongwe wengi walinung'unika, watoto wakaipenda, na uhai ukarudi. Naipenda mno chapa hii. Wathubutu tena, hata sisi tukinuna.